Ufundishaji wa Kiingereza kwa redio shirikishi

Ufundishaji wa Kiingereza kwa redio shirikishi ni njia ya kufundisha lugha ya Kiingereza darasani kwa kutumia vipindi vya redio ambavyo humtaka mwanafunzi ajibu, aimbe, asome au atende jambo wakati kipindi kinaendelea. Katika kipindi cha kawaida cha redio msikilizaji hukaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kipindi shirikishi, sauti ya redioni huuliza swali au kutoa agizo, kisha hunyamaza kwa sekunde chache ili darasa zima lijibu, na baada ya hapo hutoa jibu sahihi.

Njia hii ilitumika kwa mara ya kwanza katika somo la lugha nchini Kenya, katika mradi ulioendeshwa kati ya mwaka 1980 na 1985. Baadaye ilipelekwa Lesotho, Afrika Kusini na nchi nyingine. Huko Zanzibar ilitumika kwa watoto wa shule za awali na wa madarasa ya mwanzo. Ni mojawapo ya mifano ya zamani na iliyochunguzwa sana ya kutumia teknolojia darasani kwa ajili ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu.

Tatizo lililokusudiwa kutatuliwa

Nchini Kenya, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ilikuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, huku Kiingereza kikiwa somo tu. Katika miji yenye watu wa makabila mengi, Kiswahili kiliweza kutumika badala ya lugha ya eneo. Kuanzia darasa la nne, Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote.

Maana yake ni kwamba mtoto alikuwa na miaka mitatu tu ya kujiandaa. Asiyeelewa Kiingereza alipofika darasa la nne hakukosa somo moja tu, bali pia hisabati, sayansi, jiografia na historia, kwa kuwa yote yalipitia katika lugha hiyo. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ambao ndio uliofungua mlango wa sekondari, nao uliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa karatasi ya Kiswahili.

Mtoto wa kijijini alikuwa na nafasi ndogo ya kuisikia lugha hiyo. Nyumbani haikuzungumzwa. Shuleni, mwalimu wa madarasa ya chini mara nyingi naye alikuwa ameisoma kwa shida, na wengine walikuwa hawajapata mafunzo ya ualimu. Vitabu vilikuwa vichache, na darasa lilikuwa na watoto wengi.

Tanzania Bara tatizo ni hilo hilo, ila linakuja baadaye. Katika shule nyingi za msingi za serikali lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na Kiingereza ni somo. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo swali la jinsi ya kumpa mtoto Kiingereza cha kutosha kabla ya kuvuka hatua hiyo ni la nchi zote mbili.

Historia ya redio shuleni

Redio ilianza kutumika shuleni muda mfupi baada ya utangazaji wenyewe kuanza. Nchini Uingereza, BBC ilianza vipindi vya shule mwaka 1924. Katika Afrika Mashariki vipindi vya shule vilirushwa kabla na baada ya uhuru. Vingi kati ya vipindi hivyo vilikuwa nyongeza ya somo: hadithi, mazungumzo au maelezo, mara moja au mbili kwa wiki. Mwalimu aliyekosa kipindi hakupoteza sehemu kubwa ya muhtasari, na wanafunzi walisikiliza tu.

Mabadiliko yalitokea nchini Nikaragua. Mwaka 1974 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, wakishirikiana na wizara ya elimu ya Nikaragua na kwa fedha za Shirika la Misaada ya Maendeleo la Marekani (USAID), walianza kufundisha hisabati kwa redio katika shule za msingi. Hawakutaka redio iwe nyongeza. Walitaka ibebe sehemu kubwa ya somo kila siku, na watoto wajibu kwa sauti, kwa vidole au kwa maandishi. Mitihani ilionyesha kwamba wanafunzi wa redio walijua hisabati kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Swali lililobaki lilikuwa kama njia hiyo ingefaa pia kwa lugha, ambako jibu si namba moja.

Mradi wa Kenya

Kenya ilichaguliwa kujibu swali hilo. Mradi uliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE) pamoja na shirika la Marekani la Academy for Educational Development, kwa fedha za USAID. Vipindi vyake viliitwa English in Action. Vilitungwa kwa ajili ya darasa la kwanza, la pili na la tatu, yaani ile miaka mitatu kabla ya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Kila siku ya shule kulikuwa na somo moja la nusu saa.

Utungaji wa masomo ulifuata utaratibu maalumu. Waandishi waligawa muhtasari wa Kiingereza katika hatua ndogo, kisha wakazitawanya hatua hizo katika masomo mengi. Muundo mmoja wa sentensi haukufundishwa kwa wiki moja na kuachwa, bali uliingizwa kidogo, ukarudiwa baada ya siku chache, ukachanganywa na msamiati mpya, na kurudiwa tena baada ya wiki kadhaa. Mtoto aliyeugua au aliyebaki nyumbani kwa kazi za shamba aliweza kukutana tena na jambo alilolikosa.

Masomo yalijaribiwa kwa watoto, na watazamaji walikaa madarasani kuona kinachotokea. Kama watoto walijibu nusu tu kabla redio haijaendelea, nafasi ya kujibu iliongezwa. Kama walimaliza na kuanza kuzungumza wao kwa wao, ilipunguzwa. Swali lililowachanganya wengi liliandikwa upya.

Jinsi somo linavyokwenda

Somo la aina hii huanza kwa wimbo au salamu ambayo watoto wameizoea, ili wanyamaze na kukaa tayari. Baada ya hapo hufuata sehemu fupi fupi, nyingi zikiwa za dakika mbili hadi tano, zinazobadilika kutoka kusikiliza hadi kusema, kusoma, kuandika na kucheza.

Mfano mmoja unaweza kuonyesha jinsi njia hii inavyofanya kazi. Redio inasema, "Stand up." Watoto wanasimama. Inasema, "Touch your head." Wanagusa vichwa. Hapa mtoto hajasema neno lolote, lakini mwalimu anaona mara moja nani ameelewa na nani anamwangalia jirani yake. Baadaye redio inamwomba mwalimu ainue kalamu, kisha inawauliza watoto, "What is this?" Kunakuwa na kimya kifupi. Watoto wanajibu kwa pamoja, "It is a pencil." Redio inarudia jibu hilo kwa matamshi sahihi. Aliyekosea anasikia sentensi sahihi papo hapo, bila kuaibishwa mbele ya wenzake.

Hatua inayofuata huwa ya mtu mmoja mmoja. Redio inamtaka mwalimu amchague mwanafunzi, na mwanafunzi huyo anajibu peke yake. Katika sehemu ya kusoma, watoto hutazama maneno ambayo mwalimu aliyaandika ubaoni kabla ya kipindi kuanza, na kuyasoma redio inapoyataja. Mwongozo wa mwalimu huonyesha kila siku kitakachoandikwa ubaoni na vifaa vitakavyohitajika, ambavyo kwa kawaida ni vitu vya karibu: jiwe, kijiti, kitabu, jani.

Kwa nini njia hii inafaa kwa lugha

Sababu ya kwanza ni idadi ya nafasi za kusema. Katika darasa la watoto 50 na kipindi cha dakika 30, mwalimu akimpa kila mtoto zamu yake, kila mmoja atapata sekunde 36 tu, hata kama mwalimu mwenyewe hatasema neno. Majibu ya pamoja humpa kila mtoto nafasi nyingi za kutamka sentensi ndani ya somo moja. Wenye haya nao husema, kwa kuwa sauti zao zimefichwa ndani ya sauti za wengi.

Sababu ya pili ni matamshi. Kiswahili kina irabu tano, na kila herufi ya irabu husomwa kwa sauti moja. Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi ya herufi zake. Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili, maneno "ship" na "sheep" husikika kama neno moja, na vivyo hivyo "cut" na "cat". Tena maneno mengi ya Kiingereza huishia na konsonanti, wakati mtoto ameshazoea kuyasikia yakiwa na irabu mwishoni, kama "basi", "benki" na "blanketi". Tofauti hizi hazionekani kwa urahisi katika kitabu. Ni lazima zisikiwe, tena mara nyingi, kutoka kwa mtu anayezitamka vizuri.

Sababu ya tatu ni sarufi. Katika lugha za Kibantu neno "yeye" humhusu mwanamume na mwanamke, lakini Kiingereza humtaka msemaji achague kati ya "he" na "she" kila mara. Vilevile hakuna neno la Kiswahili linalolingana moja kwa moja na "a" au "the". Kanuni za mambo haya zinaweza kuelezwa kwa dakika tano, lakini mtoto huzizoea kwa kuzitumia katika sentensi nyingi kwa muda mrefu. Kazi ya kurudia bila kuchoka ni kazi ambayo chombo kilichorekodiwa huiweza.

Nafasi ya mwalimu

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba redio huchukua nafasi ya mwalimu. Katika mradi wa Kenya mwalimu alikuwa mmoja wa washiriki wa somo, na masomo yaliandikwa kwa kuzingatia kwamba yupo. Kabla ya kipindi aliandika ubaoni na kuandaa vifaa. Wakati wa kipindi alionyesha vitu, alichagua wa kujibu, alizunguka kati ya madawati na kuangalia nani yuko nyuma. Baada ya kipindi alirudia sehemu iliyowashinda watoto.

Redio haisikii. Haiwezi kujua kwamba mtoto wa safu ya mwisho anafungua mdomo bila kutoa sauti, au kwamba darasa zima limejibu kwa sauti kubwa jibu lisilo sahihi. Mambo hayo huonwa na mwalimu peke yake. Pale mwalimu alipowasha redio na kutoka nje, somo lilipoteza nusu yake.

Kulikuwa pia na faida iliyomhusu mwalimu mwenyewe. Kwa kusikiliza masomo kila siku, alijizoeza Kiingereza chake na kuona jinsi somo la lugha linavyoweza kupangwa. Kwa mwalimu asiye na mafunzo, hayo yalikuwa mafunzo kazini bila kuondoka kituoni.

Matokeo

Wanafunzi waliofundishwa kwa redio walilinganishwa na wanafunzi waliosoma Kiingereza kwa njia ya kawaida. Waliofundishwa kwa redio walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kusikiliza na kusoma, na tofauti ilionekana hasa katika kusikiliza. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwa kuwa mtoto wa darasa la nne anahitaji kwanza kuelewa anachoambiwa na mwalimu wa sayansi au hisabati.

Gharama nazo zilikuwa na umbo lake. Kutunga, kujaribu na kurekodi masomo kulikuwa ghali. Lakini masomo yakishakuwa tayari, kuyarusha kwa shule 1,000 hakugharimu zaidi sana ya kuyarusha kwa shule 10, isipokuwa redio, betri, miongozo na kuwatembelea walimu.

Pamoja na matokeo hayo, mradi ulipomalizika masomo hayakuendelea kuwa sehemu ya kudumu ya shule zote za Kenya. Mwaka 1985, ambao ndio mradi ulifikia mwisho, ulikuwa pia mwaka wa kuanza mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4. Masomo yaliyorekodiwa hufungamana na muhtasari wa wakati wake. Muhtasari ukibadilika, nayo huhitaji kutungwa upya. Kazi hiyo inahitaji waandishi, studio, muda wa kurusha matangazo na bajeti ya kila mwaka, na fedha za wafadhili huwa na tarehe ya mwisho.

Kuenea kwa njia hii

Vipindi vya English in Action vilivyotungwa Kenya vilichukuliwa na kurekebishwa kwa matumizi ya Lesotho. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, shirika la OLSET lilitengeneza vipindi vyake kwa jina hilo hilo kwa shule ambazo chini ya ubaguzi wa rangi zilikuwa zimenyimwa vifaa na walimu wenye mafunzo.

Nchini Zambia, kuanzia mwaka 2000, njia hii ilitumika kwa watoto wasiokuwa shuleni, wakiwemo yatima wengi wa UKIMWI. Vipindi viliitwa Learning at Taonga Market. Watoto walikusanyika katika vituo vya kijamii na kuongozwa na mtu wa kujitolea kutoka eneo lao badala ya mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Huko Zanzibar, mradi wa RISE ulianza mwaka 2006 kwa ushirikiano wa wizara ya elimu ya Zanzibar na shirika la Education Development Center. Vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Vilifundisha Kiswahili, hesabu na Kiingereza kwa nyimbo, hadithi na michezo, na viliwafikia pia watoto wa vijiji visivyokuwa na shule ya awali.

Mipaka na udhaifu

Njia hii ina mipaka inayojulikana:

- Kipindi hakisubiri. Mvua ikinyesha juu ya bati, darasa likichelewa au mwalimu akiitwa ofisini, somo linapita. Kanda, diski na baadaye simu na kadi za kuhifadhia sauti zilipunguza tatizo hili, kwa kuwa mwalimu anaweza kusimamisha na kurudia.
- Mwendo ni mmoja kwa wote. Mtoto mwepesi huchoka na mzito huachwa, isipokuwa mwalimu aingilie kati baada ya kipindi.
- Majibu ya pamoja yanaweza kuficha asiyejua. Darasa lenye kelele nzuri si lazima liwe darasa lililoelewa.
- Kuandika na kusoma kwa ufahamu kunahitaji vitabu na madaftari. Redio haiwezi kuwa badala ya kitabu.
- Betri zikiisha na hakuna fungu la kununua nyingine, redio hubaki kabatini.

Mwezi Machi 2020, shule za Kenya na Tanzania zilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, masomo ya redio na televisheni yalirudi kwa nguvu. Kenya haikufungua shule kwa madarasa yote hadi Januari 2021. Masomo hayo yaliwafikia watoto ambao intaneti isingewafikia. Hata hivyo mtoto aliyesikiliza peke yake nyumbani hakuwa na mwalimu wa kumwangalia, wala wenzake wa kujibu pamoja naye, na mara nyingi redio ya familia ilikuwa na kazi nyingine saa hizo.

Redio na vifaa vya baadaye

Tangu miaka ya 2010 kompyuta za mkononi aina ya tableti, simu janja na programu za kujifunzia lugha zimeingia katika shule za Afrika Mashariki. Nchini Kenya, serikali ilianza mwaka 2016 kugawa tableti kwa wanafunzi wa madarasa ya mwanzo. Mpango mwingine, Tusome, ambao ulienea nchini kote kuanzia mwaka 2015 kwa ajili ya kusoma Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya chini, ulichukua njia tofauti: wanafunzi walipewa vitabu, walimu walipewa miongozo na mafunzo, na tableti zilipewa hasa maofisa wanaotembelea shule, ili wawapime watoto kusoma na kumshauri mwalimu baada ya somo.

Vifaa vipya vina uwezo ambao redio haina. Vinaweza kurekodi sauti ya mwanafunzi ili ajisikie, kuonyesha picha na maandishi pamoja na sauti, kurudia sentensi moja mara nyingi kadiri anavyotaka, na kutafsiri neno asilolijua. Uwezo wa kutafsiri una pande mbili. Tafsiri ya neno moja humwezesha mwanafunzi kuendelea na habari anayoisoma. Tafsiri ya zoezi zima humwondolea kazi ambayo ndiyo ingemfundisha.

Kwa hiyo maswali yaliyoulizwa katika mradi wa Kenya hutumika pia kupima kifaa chochote kipya cha kufundishia Kiingereza. Je, mwanafunzi anasema na kujibu, au anatazama tu? Je, anajua papo hapo kama amekosea? Je, anachojifunza leo kitarudi wiki ijayo? Je, mwalimu amepewa kazi ya kufanya, au amewekwa kando? Na je, nani atalipia betri, umeme, ukarabati na masomo mapya mradi ukishakwisha? Swali hili la mwisho ndilo ambalo masomo ya redio ya Kenya hayakupata jibu lake, ingawa watoto waliyofundishwa nayo walikuwa wamejifunza.